Uso wa Dakika Arobaini

Pale gereji walimwita Jicho, wala si kwa kebehi. Alikuwa fundi rangi wa magari, mrefu, mkimya, mwenye kucha zisizotakata hata azisugue vipi, na macho yake yalikuwa ya ajabu. Ukimletea gari lililochunika ubavuni, hakuhangaika na kitabu cha namba za rangi. Aliinamia bodi, akaitazama kwa upande kama mtu anayetega sikio, kisha akayaendea makopo yake: tone la hii, tone la ile, akakoroga, akajaribu kwenye kipande cha bati, akakianika juani, akatazama tena. Alipomaliza, mwenye gari angelizunguka mara tatu asijue ni ubavu upi uliokuwa umechunika.

"Huyu ukimwambia akuchanganyie rangi ya aibu," alipenda kusema Nyundo, "atakuuliza tu unataka lita ngapi."

Nyundo ndiye aliyekuwa fundi bodi, mnyoosha vyuma vilivyobonyea. Mfupi, kifua kama pipa, mdomo hauna breki. Alikuwa amefanya kazi ubavuni mwa Jicho miaka kumi na mmoja, na wote pale walijua kwamba Nyundo husema ya watu wawili ili Jicho apumzike.

Mke wa Jicho alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa kukanda unga. Walikaa miaka sita bila mtoto, hadi majirani wakachoka kuuliza. Kisha mimba ikaja, na nyumba nzima ikabadilika sauti. Jicho, ambaye kwa kawaida maneno yake ungeyahesabu kwa vidole, akaanza kupiga mluzi akioga.

Mwezi wa saba wa mimba ulikuwa ndio kwanza umeanza pale simu ilipolia gereji. Mkewe ameanguka kazini. Miguu ilikuwa imevimba tangu wiki iliyopita, kichwa kikamwuma siku mbili, yeye akadhani ni uchovu tu wa kusimama. Jicho alitoka na ovaroli yake mwilini, dole gumba limejaa rangi ya buluu, akakimbia hadi hospitali kana kwamba magari yote ya pale gereji hayana magurudumu.

Daktari akamwambia presha imepanda mno, lazima wampasue sasa hivi. Akatia saini mahali alipoonyeshwa. Akasimama ukutani. Baada ya muda ambao hakuweza kuukadiria, muuguzi wa makamo akatoka na kitu kidogo kilichofungwa taulo.

"Baba," alisema yule muuguzi taratibu, "mama bado wanampigania. Huyu ni binti yako. Yuko hai, lakini mapafu yake hayajakomaa, hatakaa. Utapenda kumshika?"

Jicho alitaka kusema hapana. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mikono yake ilikuwa tayari imenyooka.

Muuguzi akamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba kidogo cha kuwekea shuka, akamfungulia vifungo vya juu vya ovaroli, akamlaza mtoto kifuani pake. Mbele yake palikuwa na saa ya ukutani, ndiyo maana alijua. Dakika arobaini. Katika dakika hizo, binti yake alifungua macho mara moja tu. Alipiga chafya moja, ndogo kama kiberiti kikiwashwa. Alikishika kidole chenye rangi ya buluu, hakukiachia. Kisha akawa kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na Jicho akaendelea kukaa vilevile, bila kumwita mtu, mpaka muuguzi aliporudi mwenyewe.

Mkewe alikaa siku mbili bila fahamu. Katika siku hizo kaka mkubwa wa Jicho ndiye aliyeshika usukani. Alipiga simu, alifuatilia makaratasi, alitafuta pa kuzika. Alimkuta mdogo wake ameegemea dirisha la wodi, mabega yameanza kutikisika, akamshika kisogo kwa upendo wote aliokuwa nao.

"Mdogo wangu, jikaze. Wewe ukianguka hapa, nani atamshika mwenzio?"

Jicho akajikaza. Akajikaza wanaume wanne, yeye mmojawao, walipokwenda kumzika mtoto. Akajikaza mkewe alipofumbua macho, akaangaza huku na huku, akapapasa tumbo. Alimwambia ukweli kwa maneno machache. Mke akageukia ukuta. Baadaye sana, bila kugeuka, akauliza:

"Alifanana na nani?"

Jicho akafungua kinywa. Akahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kizito, kinakuja kwa kasi, na akajua kwamba kikitoka hakitarudi, ataanguka pale pale sakafuni mbele ya mgonjwa. Akameza.

"Sikumwona vizuri," alisema. "Walikuwa wamemfunika."

Ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa kumwambia mkewe, na aliusema kwa kumhurumia. Au kwa kujihurumia mwenyewe, hata yeye hakujua.

Waliporudi nyumbani watu walikuja kwa wingi. Wakamkuta Jicho mlangoni, wakampa mkono. "Mama anaendeleaje?" Anaendelea vizuri. "Mwambie asiwaze sana." Nitamwambia. Kisha wakapita ndani, na yeye akaenda kutafuta viti. Siku ya tano alirudi gereji, na bosi akamsifu mbele ya wenzake kwamba mwanaume ndiye huyu.

Wiki ya tatu alikosea rangi nyeupe. Gari dogo tu, mlango mmoja. Mwenye gari alilichukua jioni, kesho yake akalirudisha amenuna: mlango ulikuwa umekuwa kama jino la bandia. Jicho akautazama mlango ule juani, asione tofauti. Nyundo aliiona akiwa umbali wa hatua ishirini. Akafungua mdomo atoe utani, akauona uso wa rafiki yake, akaufunga. Kwa Nyundo hilo lilikuwa jambo kubwa.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Mke alirudi kazini kabla hajapona sawasawa. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, waliulizana kama mlango umefungwa. Lakini swali lile hakuliuliza tena, na kila siku ambayo hakuliuliza, Jicho alilisikia.

Kisha ikaja siku ya ndoo. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao kwa muda. Jicho alikuwa anapeleka maji jikoni, amefika kwenye korido, akasikia sauti ya mkewe.

"Mama, hata kumtazama hakumtazama. Mtoto wake mwenyewe. Walimfunika, eti, basi. Angeshindwa nini kufunua?"

"Ndivyo walivyo wanaume, mwanangu," alijibu mama yake. "Mambo haya kwao yapo mbali."

Jicho alisimama na ndoo mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akarudi nyuma taratibu, akayamwagia maua ambayo tayari yalikuwa yamenyeshewa.

Jumapili iliyofuata alijaribu. Walikuwa wamekaa wawili, mkewe anakunja mashuka.

"Mke wangu."

"Abee."

"Nilitaka kukwambia..."

Mkewe aliacha kukunja. Akamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa miezi miwili. "Kuniambia nini?"

Kile kitu kikaanza kupanda tena kutoka tumboni. "Gesi inakaribia kwisha."

Mke akarudia mashuka yake. "Nimeona," alisema.

Mambo yalianza kubadilika kwa bahati. Alikuwa anachanganya rangi ya lori moja la kahawia, akapitiliza nyekundu. Akaongeza manjano kidogo kuirekebisha, ikazidi kupotea. Akaijaribu kwenye bati kwa mazoea tu, akaliweka juani, akageuka kutafuta kitambaa. Alipotazama tena, alilisogelea lile bati. Si rangi ya lori. Ilikuwa rangi ya kipaji cha uso wa binti yake, pale nywele zilipoanzia, pale alipokuwa akipatazama muda wote huku akiogopa kupapumulia.

Alifunika lile kopo, akalificha nyuma ya makopo ya praima, ile rangi ya kwanza inayopakwa chini, akaanza upya rangi ya lori.

Kesho yake, saa ya chakula wenzake walipotoka, alibaki. Kwenye rundo la vyuma chakavu kulikuwa na boneti ya gari lililokatwakatwa zamani. Akaisugua kwa msasa, akaipiga praima ya kijivu, akaisimamisha nyuma ya banda la rangi ambako hakuna anayepita. Akachukua zile burashi nyembamba za kuzibia mikwaruzo, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Hakuwahi kuchora mtu maishani mwake. Alikuwa amechora mistari kwenye mabasi na namba kwenye malori, basi. Uso wa kwanza ulitoka kama kiazi. Akausugua ukafutika, akaupiga praima, akaanza tena. Wa pili ulikuwa kiazi chenye macho. Akausugua. Hii kazi ya kuparua na kurudia alikuwa ameizoea, haikumkatisha tamaa. Gari zuri huparuliwa mara nne kabla halijang'aa.

Mwishowe akaamua kuanzia pembeni. Akachora taulo kwanza, mikunjo yake, uzi uliokuwa umechomoka. Kisha akachora mikono yake mwenyewe. Aliichora imara, vidole vimenyooka, mikono ya baba. Akakaa akiitazama, akajua kwamba amedanganya tena. Mikono ile haikuwa imara siku ile. Ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba muuguzi alimwekea mto chini ya kiwiko. Akaiparua yote. Akaichora upya jinsi ilivyokuwa: vidole vimejipinda kwa woga, mishipa imesimama, na dole gumba la buluu limekamatwa na vidole vitano vidogo kuliko punje za mahindi. Ndipo machozi yalipotoka. Hakuyaita, hakuwa hata akiyawazia. Yalijaa ndani ya barakoa yake ya kazi, akaendelea kuchora.

Ilikuwa wiki ya sita au ya saba ya kuchora pale Nyundo alipokuja nyuma ya banda kutafuta koleo lake. Alimkuta Jicho kwenye ndoo, burashi mkononi, mgongo unaruka kwa kwikwi.

"Thina kali leo, inachoma macho," alisema Nyundo.

"Si thina."

Nyundo akaiona boneti. Akaitazama kwa muda, akavua kofia. Kutoka upande wa mbele zikasikika sauti za wenzao wanarudi kutoka kula, wanacheka. Jicho akajaribu kujizuia, akatoa sauti kama ya mtu anayesongwa na mfupa.

"Lia tu, ndugu yangu," alisema Nyundo. "Usijali."

Akachukua nyundo yake, akatafuta bati lolote lisilo na faida, akaanza kuligonga. Aligonga kwa nguvu zote, bila kunyoosha chochote, kwa muda wa robo saa nzima, ili gereji isisikie kingine. Bosi alipopiga kelele kuuliza ni kazi gani ile, Nyundo alijibu kwa kelele vilevile kwamba kuna bodi moja sugu imegoma, wamwache apambane nayo.

Kuanzia hapo Jicho alikuwa na mlinzi. Saa ya chakula Nyundo alikaa mbele ya banda na mkate wake, na kila aliyetaka kupita alipewa hadithi ndefu hadi akasahau alikuwa anakwenda wapi.

Picha ilipokaribia kwisha alikuwa amebakiza mdomo tu wa mtoto. Mdomo ulimsumbua siku tisa. Hakumbuki ni siku ipi ulikubali, ila anakumbuka kwamba aliinua burashi, akaogopa kuigusisha tena. Akaiacha picha ikauke. Akaipiga vanishi tabaka mbili nyembamba, kama anavyofanya kwa magari ya maharusi.

Jumamosi alasiri yeye na Nyundo waliibeba boneti hadi nyumbani, imefungwa blanketi. Nyundo aliishia mlangoni.

"Shemeji, habari za hapa? Mimi napita tu," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaondoka mahali bila kuongeza neno.

Mkewe alikuwa ametoka kazini, unga bado kwenye nyusi. Alisimama katikati ya sebule akitazama mumewe anaiegemeza boneti kwenye kochi.

"Unaleta vyuma mpaka ndani?"

Jicho akaondoa blanketi.

Mke alisogea hatua moja, akasimama. Akasogea nyingine. Kwenye boneti kulikuwa na kifua cha mwanaume kwenye ovaroli iliyofunguliwa vifungo, mikono miwili iliyojaa hofu, na katikati, kwenye taulo, uso mdogo uliokunjamana kidogo kwenye nyusi kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Huyu nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Ndiye."

"Uliniambia hukumwona."

"Nilikudanganya."

"Miezi mitano!" Sauti yake ikapasuka. "Miezi mitano nalala nikiutafuta uso. Nimempa uso wa kila mtoto niliyekutana naye njiani. Nimewachungulia watoto wa watu migongoni kama mwizi! Na wewe unao, umekaa nao, unakula nao, unaniambia gesi!"

Akampiga ngumi kifuani, mara moja, mara mbili. Ya tatu haikurudi; ngumi ilibaki pale, imeshika shati.

"Niliogopa," alisema Jicho. "Niliogopa nikianza kusema nitaanguka. Waliniambia nisianguke."

"Nani aliyekwambia usianguke?"

Akaanguka basi. Alianza na magoti, kisha akakaa kabisa sakafuni, mtu mrefu vile, akalia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile wala nyingine. Mke alimtazama kwanza kwa mshangao. Kisha akakaa chini naye, akakivuta kichwa chake mapajani.

Jicho alipopata pumzi alimwambia yote. Kiti cha plastiki. Mto chini ya kiwiko. Saa ya ukutani.

"Alifungua macho?"

"Mara moja."

"Akakutazama?"

"Sijui. Labda aliona giza tu lenye ovaroli."

Mke akacheka katikati ya machozi, kicheko kikamtoka puani. "Alilia?"

"Hapana. Alipiga chafya."

"Chafya!" Alilirudia neno lile taratibu, kama mtu aliyepewa kitu cha kubeba. "Alipiga chafya." Akanyoosha kidole kuelekea boneti, akasita. "Imekauka?"

"Imekauka. Gusa."

Akagusa kipaji. Akapitisha kidole kwenye nyusi, shavuni, sikioni. "Sikio la pili lipo wapi?"

"Lilikuwa limelala hapa kifuani kwangu. Sikuliona."

Mke akamtazama, kisha akafungua kifungo kimoja cha shati la mumewe, akaweka kiganja hapo kifuani, mahali sikio lile lilipokuwa. Hakukiondoa mpaka nje kulipoanza kuingia kiza na mama mkwe akasikika akivua viatu mlangoni.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa kusema. Aliiona boneti, akatafuta kiti bila kugeuka, akakaa.

"Kipaji hicho ni cha marehemu mume wangu," alisema. "Kile kile." Akafuta macho, akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, siku moja nilikusema vibaya jikoni."

"Nilisikia, mama."

"Ulisikia? Ulikuwa wapi?"

"Koridoni. Nikiwa na ndoo."

"Basi nisamehe, baba. Wewe pamoja na ndoo yako."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliochoka.

Boneti haikukubali msumari. Iliutoa ukuta plasta mara mbili, mpaka Nyundo akaja na boliti nne na kuifunga chumbani kwa namna ambayo nyumba ingeanguka kwanza. Jioni nyingi mume na mke walikaa kitandani wakiitazama, wakiongea. Ilibainika kwamba mke naye alikuwa na yake ambayo mume hakuyajua. Alimwambia jinsi mtoto alivyotulia kila mashine ya kukanda ilipowashwa, na jinsi alivyopiga mateke ilipozimwa, kama mtu anayedai warudishe. Kwamba alipenda upande wa kushoto. Kwamba siku moja alirusha teke mbele ya msimamizi wa zamu, aproni ikacheza, msimamizi akasahau alichotaka kufoka.

"Alikuwa mkorofi, basi," alisema Jicho.

"Mkorofi kabisa. Alitoka kwa nani sijui."

Walimpa jina, na jina hilo walibaki nalo wao wawili.

Kaburini mke alikuwa hajawahi kufika. Mwanzoni alikuwa mgonjwa, baadaye akaogopa. Alhamisi moja aliomba ruhusa kazini, naye Jicho akafunga makopo yake mapema, wakaenda kwa miguu. Jicho alimwonyesha mahali. Palikuwa padogo, pameota majani mafupi, na mtu fulani wa huko alikuwa amepafagia. Mke aliinama, akaondoa jani moja kavu, akakaa chini palepale na gauni lake la kazini.

Jicho alikaa karibu naye. Baada ya muda akaanza kulia tena, mchana kweupe, watu wakipita njiani na mizigo yao, wengine wakigeuza shingo kumtazama mwanaume mzima anayelia. Hakuinamisha uso wala hakujifanya kwamba vumbi limemwingia. Mkewe akampa ncha ya mtandio wake. Akajifuta macho, kisha akapenga kamasi humo humo kwa nguvu.

"Huo utaufua mwenyewe," alisema mkewe, akamwegemea begani.